Majibu ya mbegu za kiume yamekuja chini: kabla ya kuandika dawa, tunaanzia wapi?

Tabibu_Kilwa

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaoijua vizuri afya ya uzazi ya wanaume.

Mume ana miaka 34, mke 29. Wamekaa miezi 18 bila kinga na mimba haijaingia. Hedhi ya mke haiyumbi, siku 28 hadi 30, na vipimo vyake vya mwanzo havina shida. Mume kapimwa shahawa mara moja, maabara ya mjini. Karatasi inasema: ujazo mililita 1.6, mbegu milioni 6 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 15, zenye umbo zuri asilimia 2, na mwishoni wameandika "seli za usaha 8–10". Siku alizojizuia (alizokaa bila kutoa shahawa) hazikuandikwa, wala saa aliyotoa sampuli, wala saa iliyopimwa.

Kwingine ameshaandikiwa antibayotiki ya doksisaiklini na vidonge vya kuongeza mbegu, na ndugu zake wanamhimiza atafute dawa ya nguvu za kiume. Tendo la ndoa kwake halina tatizo lolote.

Maswali: karatasi hii inatosha kumwambia mtu ana tatizo? Nimchunguze nini mwenyewe hapa kituoni kabla ya rufaa? Dawa zipi zina maana na zipi ni kumaliza hela yake? Na tukibadilisha kitu leo, tutarajie matokeo lini?

---

MtuWaMaabara

Tabibu, itilie shaka karatasi kwanza, mgonjwa baadaye. Kipimo cha shahawa kisicho na siku za kujizuia na kisicho na saa hizo mbili hakisomeki. Mbegu milioni 6 za mtu aliyetoa shahawa jana yake si sawa na milioni 6 za aliyekaa siku tano. Na mwendo uliosomwa sampuli ikiwa imeshakaa mezani asubuhi nzima unaeleza hali ya meza, hauelezi hali ya mwenye sampuli.

Rudieni, tena mara mbili, kwa kupishana wiki kadhaa. Mwelekeze hivi. Ajizuie siku 2 hadi 7. Mimi napendelea 3 au 4, na mara ya pili iwe idadi ileile ili majibu yalinganishike. Akizidisha siku, hesabu inapanda lakini mbegu nyingi zinakuwa zimechoka. Anawe mikono na uume kwa maji, ajikaushe, asitumie sabuni ya kulainisha, mafuta ya nazi, Vaseline wala mate, kwa sababu vyote vinaharibu mwendo wa mbegu. Kikombe kiwe na mdomo mpana, kimetoka maabara. Kondomu ya dukani haifai kabisa: ina vilainishi na mpira wake unaua mbegu.

Swali la kwanza muhimu kuliko yote akirudisha kikombe: "Kuna kilichomwagika nje?" Shahawa za mwanzo ndizo zenye mbegu nyingi zaidi. Akikosa tone la kwanza, ujazo unaweza kuonekana karibu kamili huku hesabu imeshuka kwa uongo. Kwa sababu hiyohiyo kutoa kwa kuchomoa katikati ya tendo si njia ya kutegemea. Wapo wanaoona kujichua ni haramu. Hao wape chumba cha faragha waingie na wake zao, au wakusanyie nyumbani. Na kipindi cha Ramadhani msimpangie mtu kipimo mchana, mtakosa sampuli na mtamkosa na mwenyewe.

Ya nyumbani ifike maabara ndani ya nusu saa, isizidi saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili: kwenye pindo la kiunoni au mfuko wa ndani wa shati. Isiwekwe kwenye friji, wala kwenye sanduku la pikipiki lililoachwa juani.

Sasa upande wetu wa maabara, maana makosa mengi ni ya kwetu. Ujazo upatikane kwa kupima uzito wa kikombe kikiwa kitupu na kikiwa na sampuli. Gramu moja ihesabiwe mililita moja. Ukimimina kwenye bomba la sindano unaacha kati ya mililita 0.3 na 0.9 imegandia kikombeni, na ukiwa na sampuli ya 1.6 hiyo si hasara ndogo. Subiri iyeyuke, kawaida dakika 15 hadi 30, ikichelewa 60. Ichanganye vizuri kabla ya kuchota. Kuhesabu kufanyike kwenye chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia), sampuli ikiwa imezimuliwa kwa kimiminika kinachosimamisha mwendo wa mbegu, zihesabiwe angalau 200 kila upande, na pande mbili zilinganishwe. Anayedondosha tone kwenye kioo cha kawaida, akatupia jicho na kuandika namba, amekisia tu.

Hizo "seli za usaha" zinanisumbua zaidi. Chini ya darubini bila rangi, chembe nyeupe za damu na mbegu changa ambazo hazijakomaa zote ni duara. Mtu mwenye korodani zinazomwaga mbegu changa anaandikiwa usaha, kisha anapewa dawa za maambukizi asiyokuwa nayo. Kinachotenganisha ni kipimo cha peroksidesi: chembe nyeupe nyingi zinageuka kahawia, mbegu changa hazibadiliki. Zikizidi milioni 1 kwa mililita ndipo tuzungumze juu ya uvimbe au maambukizi. "8–10" bila kusema ni kwa kipimo gani ni namba isiyo na maana.

Kuhusu viwango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la 2021, unataja mipaka ya chini hii: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39 kwa kutoa mara moja, zinazotembea kwa jumla asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, zenye umbo zuri asilimia 4. Mipaka hiyo ilipatikana kwa wanaume waliotungisha mimba ndani ya miezi 12. Watano katika kila mia walikuwa chini ya hapo na watoto wakapatikana. Kwa hiyo kuwa chini ya mstari si hukumu ya ugumba, na kuwa juu yake si hati ya kuzalisha. Hiyo asilimia 2 ya umbo isiwatie hofu peke yake. Hata mtu mzima wa afya, mbegu zake nyingi zina kasoro ya umbo.

Namba ninayoipenda mimi ni ile ya kuzidisha: ujazo mara wingi mara sehemu inayokwenda mbele. Kwa mgonjwa wako 1.6 × 6 × 0.15 inakuja kama milioni 1.4. Ikithibitika kwenye marudio, hiyo ni chini sana na anahitaji uchunguzi wa kweli. Lakini ithibitike kwanza.

---

DaktariWaNjiaYaMkojo

Naunga mkono, halafu niongeze jambo la muda, kwani ndilo linalowapotosha wengi. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha wiki moja na nusu hadi mbili za kusafiri na kukomaa kwenye mrija ulio nyuma ya korodani. Shahawa unazopima leo zilianza safari karibu miezi mitatu iliyopita. Muulize basi: miezi mitatu iliyopita kulikuwa na nini? Malaria kali yenye homa ya siku kadhaa inashusha mbegu, na anguko huonekana wiki nyingi baada ya homa kwisha. Ukimpima wakati huo utamtangazia mtu ubovu ambao ungeondoka wenyewe. Na badiliko lolote utakaloshauri, usilipime kabla ya miezi mitatu.

Historia, kwa maswali ya wazi. Amewahi kumpa mwanamke mimba, huyu au mwingine? Korodani zilikuwa zimeshuka utotoni? Zile zisizoshuka zinatakiwa kushushwa kwa upasuaji mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18. Zikikaa tumboni, joto la mwili linaziharibu taratibu. Amewahi kupata maumivu makali ya ghafla ya korodani moja na kutapika? Hiyo huwa ni korodani iliyojisokota, na isipofunguliwa ndani ya saa 6 hivi mara nyingi inakufa. Matumbwitumbwi baada ya kubalehe? Karibu robo ya wanaume wanaoyapata ukubwani huvimba korodani, kwa kawaida moja, na inaweza kusinyaa. Hapa Tanzania chanjo ya kawaida ya watoto ni ya surua na rubela, matumbwitumbwi hayamo, kwa hiyo swali hili lisirukwe. Ameshapasuliwa ngiri au busha? Mrija wa mbegu unaweza kukatwa au kubanwa kwenye upasuaji wa ngiri bila mtu kujua. Alishapata kisonono? Kifua kikuu? Kisukari? Ana seli mundu? Mkojo wa damu?

Huko Kilwa swali la mkojo wa damu ni la lazima. Kichocho cha njia ya mkojo hakikai kwenye kibofu peke yake, mayai hujichimbia pia kwenye tezi dume na vifuko vya shahawa, na mtu anaweza kuona damu kwenye shahawa. Pima mkojo wa mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Akikutwa nacho, prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja.

Kisha mvue nguo. Nasema hivi kwa sababu wagonjwa wengi wanafika rufaa na bahasha ya vipimo vya elfu mia kadhaa, na hakuna aliyewahi kuwagusa. Asimame, chumba kiwe na joto la kawaida ili mfuko wa korodani ulegee. Pima ukubwa: korodani ya mtu mzima kwa kawaida ni mililita 15 hadi 25, na ukiipima kwa rula ikawa chini ya sentimita 4 kwa urefu, hiyo ni ndogo. Laini ni ipi, ngumu ni ipi, kuna uvimbe? Uvimbe mgumu ndani ya korodani ni saratani mpaka ithibitike sivyo, na wanaume wenye mbegu chache wako kwenye hatari hiyo zaidi kuliko wengine. Tafuta mrija wa mbegu kila upande: unateleza kati ya kidole gumba na cha shahada, mgumu kama waya. Usipoupata pande zote mbili, mtu huyo huenda alizaliwa bila mirija, na hapo hakuna dawa ya kuongeza chochote.

Baada ya hapo mwambie abane pumzi na kusukuma kama anayekwenda haja kubwa. Unatafuta varikoseli, mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani. Daraja la kwanza unaihisi anaposukuma tu, la pili unaihisi akiwa amesimama kawaida, la tatu unaiona kwa macho kabla hujagusa. Ni kisababishi kinachotibika kuliko vyote: takriban asilimia 15 ya wanaume wote wanayo, lakini kwa wale wasiopata mtoto wa kwanza inafika asilimia 35 hadi 40. Mara nyingi iko kushoto, kwa sababu mshipa wa korodani ya kushoto unaingia kwenye mshipa wa figo kwa pembe ya mraba na safari yake ni ndefu. Damu inarudi chini, korodani inapata joto. Korodani inataka kukaa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Ukiikuta kulia peke yake, au haipungui akilala, mpige picha ya tumbo: huenda kuna uvimbe unaobana mshipa.

Anayestahili upasuaji ni yule ambaye varikoseli yake inashikika kwa mkono, shahawa zake ni mbovu, na wanatafuta mtoto. Ile inayoonekana kwa altrasaundi tu, mkono hauihisi, iacheni. Huwa inasikitisha kuona kijana kapasuliwa kwa sababu ya picha. Baada ya upasuaji pima miezi 3, kisha 6.

Busha nalo mlitazame, pwani yote kuanzia Tanga hadi Mtwara linajulikana kwa sababu ya matende. Maji mengi yanayozunguka korodani yanaifunika kwa joto na kuibana, na pia yanakuzuia wewe kuigusa. Mulika kwa tochi gizani, maji yatapitisha mwanga. Dawa za matende hazikaushi busha kubwa, linahitaji kisu.

---

Mzee_wa_Spana

Mbona hamjataja pikipiki? Huku kila bodaboda asiyepata mtoto ni kiti cha moto. Na hizi kompyuta za mapajani.

---

DaktariWaNjiaYaMkojo

Mzee wangu, joto ni kweli linashusha mbegu: kukaa muda mrefu, maji ya moto sana ya kuoga kwa kujiloweka, kazi ya tanuri la mkate, kulehemu, kompyuta juu ya mapaja. Lakini kwa kawaida athari yake si kubwa na inarudi ukiondoa joto. Tatizo la kiti cha pikipiki ni kuwa kinatosheleza kama jibu, mtu anaacha kutafuta lingine. Bodaboda mwenye milioni 1.4 avuliwe nguo na achunguzwe kama mtu mwingine yeyote. Wakati huohuo ashuke kwenye pikipiki kila baada ya saa moja au mbili, asivae nguo za ndani za kubana, na akilala alale bila kuzivaa.

Katika mambo ya kazi mimi naogopa zaidi kemikali. Mfano unaojulikana duniani ni dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP: mwaka 1977 huko California wafanyakazi wa kiwanda waligundua wao kwa wao kwamba hakuna anayepata mtoto, walipopimwa wengi hawakuwa na mbegu kabisa au walikuwa nazo chache mno. Wengine hawakupona. Risasi nayo inashusha mbegu, na anayevunja betri kuukuu za gari na kuyeyusha risasi uani kwake anaivuta kila siku. Huko kusini wanapuliza mikorosho, basi muulize ni dawa gani hasa, anachanganya kwa mikono mitupu au ana glavu, ananawa wapi, na nguo alizopulizia zinafuliwa na nani.

---

Mfamasia_Mwanagenzi

Kwa swali la dawa, Tabibu, niwe mkweli kabisa: hapa ndipo watu wanapoumizwa.

Nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni mambo mawili. Mtu anaweza kusimamisha vizuri na asiwe na mbegu hata moja. Mwingine anasumbuliwa na kusimamisha na mbegu zake zimejaa. Sildenafili inasaidia kusimamisha, haiongezi mbegu. Na hizo poda na asali za "nguvu za kiume" zinazouzwa mitaani, mara kwa mara zikipimwa hukutwa zimechanganywa sildenafili bila kuandikwa. Mtu wa presha anayetumia dawa za naitreti za moyo akizinywa, presha inaweza kuporomoka ghafla akafa.

Hatari kubwa kuliko zote ni testosteroni. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa ni homoni ya kiume, basi itaongeza mbegu. Inafanya kinyume. Ubongo ukiona testosteroni nyingi kwenye damu unaacha kutuma LH na FSH, homoni zinazoiamuru korodani, basi korodani haiamriwi tena, na ile testosteroni ya ndani ya korodani, ambayo kwa kawaida ni nyingi mara kadhaa kuliko ya damu, inaporomoka. Mbegu zinakoma. Shirika la Afya Duniani liliijaribu kama njia ya uzazi wa mpango, miligramu 200 kila wiki kwa sindano, na ilizuia mimba vizuri. Vijana wa gym wanachoma zaidi ya hiyo. Muulize mgonjwa wako bila kumhukumu, tena wakati mkewe hayupo: "Kuna sindano au vidonge vya kujenga misuli unatumia, au uliwahi kutumia ndani ya miaka miwili?" Akiacha, wengi wanarudi, karibu asilimia 67 ndani ya miezi 6 na asilimia 90 ndani ya mwaka, wengine hadi miaka miwili. Korodani ndogo, laini, kifua kilichojaa na chunusi mgongoni zikushtue.

Dawa nyingine za kuuliza: sulfasalazini ya utumbo inashusha mbegu, zinarudi ikibadilishwa. Ketokonazoli ya kumeza na spironolaktoni zinagusa homoni. Tamsulosini ya tezi dume inaweza kufanya shahawa zirudi kibofuni, mtu anafika kileleni na hakitoki kitu au kinatoka kidogo. Haidroksiyurea ya seli mundu inashusha mbegu. Lakini msiisimamishe kienyeji, inamlinda na mambo ya kutisha, mpeleke kwa daktari wake wapange pamoja. Anayekaribia kuanza dawa za saratani aambiwe kuhusu kuhifadhi mbegu kwenye barafu kabla ya dozi ya kwanza, maana baadaye huenda hakuna cha kuhifadhi. Sigara, bangi na pombe ya kila siku viingie kwenye orodha hiyo pia. Unene mkubwa vilevile: mafuta ya mwili hugeuza testosteroni kuwa homoni ya kike.

Vidonge vya zinki na foliki ambavyo ndivyo vimejaa kwenye hayo makopo ya "kuongeza mbegu": utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2020 uliwapa wanaume miligramu 30 za zinki na miligramu 5 za foliki kila siku kwa miezi 6, katika wenza zaidi ya 2,300. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka, na shahawa hazikuwa bora. Sitamkataza mtu kula karanga, mayai, dagaa na mboga za majani. Ila kopo la elfu themanini kila mwezi ni hela ya kipimo cha homoni inayopotea.

Doksisaiklini isiandikwe kwa "seli za usaha" za karatasi ile. Ikiwa ana usaha unaotoka uumeni, maumivu nyuma ya korodani, au peroksidesi imezidi, hapo tibu kwa mwongozo wa taifa na mtibu mke siku hiyohiyo, la sivyo wataambukizana upya. Kisonono na klamidia visivyotibiwa vinaziba mirija, na kovu halifunguki kwa antibayotiki.

---

Tabibu_Kilwa

Ahsanteni sana, wakuu. Nimechunguza leo kwa utaratibu huo: korodani zote zipo, ya kulia ya kawaida, ya kushoto ndogo kidogo, na kushoto kuna mishipa ninayoihisi akiwa amesimama, haionekani kwa macho. Sindano za gym hapana. Kichocho hakuna. Mirija naihisi pande zote.

Je, homoni nimpime zipi, na saa ngapi? Na nikipata mwingine ambaye hana mbegu kabisa, njia ni hiihii?

---

DaktariWaNjiaYaMkojo

Hongera, hiyo ni varikoseli ya daraja la pili ya kushoto, na korodani ya upande huo imeanza kupungua. Inaelezea mengi. Arudie shahawa mara mbili kama mtu wa maabara alivyosema, kisha aende akiwa na majibu hayo.

Homoni: FSH na testosteroni zinatosha kuanzia, damu itolewe asubuhi kati ya saa 1 na saa 4, kwa kuwa testosteroni hushuka kadiri jua linavyopanda. Ikiwa testosteroni iko chini ya nanogramu 300 kwa desilita, rudia na uongeze LH na prolaktini (homoni nyingine ya tezi ya ubongo). FSH ya juu inamaanisha ubongo unapiga kelele na korodani haiitiki. FSH na LH zikiwa chini sana pamoja na testosteroni ya chini, tatizo liko juu kwenye tezi ya ubongo, na hao ndio wenye bahati: sindano za hCG, homoni inayofanya kazi kama LH, baadaye na FSH, zinaweza kuwarudishia mbegu.

Asiye na mbegu kabisa, kwanza maabara izungushe sampuli kwenye sentrifuji na kutafuta kwenye mashapo kabla ya kuandika sifuri. Mbegu mbili tatu zikipatikana, mambo yanabadilika. Kisha jiulize: njia imeziba au kiwanda kimesimama? Korodani za ukubwa wa kawaida na FSH ya kawaida, fikiria kuziba. Ujazo chini ya mililita 1.4 pamoja na shahawa zenye asidi, pH chini ya 7.2, kuziba kwa mirija ya mwisho au kuzaliwa bila mirija. Ujazo mdogo kwa mtu wa kisukari, pima mkojo mara baada ya kufika kileleni, huenda mbegu zote zimerudi kibofuni. Korodani ndogo na FSH ya juu, kiwanda chenyewe. Hao wapimwe kromosomu. Hali ya kuwa na kromosomu X ya ziada huwapata takriban mwanamume 1 katika kila 600, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Hata hao, kwa upasuaji wa kutafuta mbegu ndani ya korodani na kuingiza mbegu moja kwenye yai moja, njia iliyoanza kuleta mimba 1992 huko Ubelgiji, baadhi wanapata watoto wao wenyewe.

---

Mkunga_wa_Zamu

Naomba tusimsahau mke kwenye mahesabu haya. Miaka yake 29 inawapa nafasi ya kusubiri miezi 6 baada ya upasuaji. Angekuwa na 37, ningewaambia wasisubiri, wapelekwe wote wawili kwa mpigo.

Na wakati wanasubiri wasiache kukutana. Wengi wanapoambiwa mbegu ni chache wanaweka akiba wiki nzima wakingojea siku moja. Siku za rutuba ni sita, zinaishia siku yai linapotoka. Kwa mzunguko wa siku 28 ni kama kuanzia siku ya 9 hadi ya 14. Wakutane kila siku au siku moja baada ya nyingine katika kipindi hicho. Mbegu zinaweza kukaa hai hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke, yai halifikishi zaidi ya siku moja, kwa hiyo mbegu zitangulie. Vilainishi vya dukani na mate waviache. Mama kuinua miguu ukutani si lazima.

---

DaktariWaNjiaYaMkojo

Kwenye barua ya rufaa, Tabibu, andika umri wa wote wawili, miezi waliyotafuta, kama kuna mimba yoyote ya nyuma, ukubwa wa kila korodani, daraja la varikoseli na upande, na uambatanishe nakala za karatasi zote tatu za shahawa zikiwa na siku za kujizuia. Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mtwara iko karibu. Ikishindikana, Muhimbili au KCMC ya Moshi. Waende wote wawili siku moja.